Mbio za Yadi Mia Kule Perth

Katika shule za Mpanda, kama katika shule nyingine za Tanzania, mashindano ya michezo hayakamiliki bila ya mbio fupi. Mwalimu huchora mistari juu ya uwanja wa mpira, watoto hujipanga, filimbi hulia, na kabla mtazamaji hajavuta pumzi mara tatu jambo limekwisha. Mshindi hushangiliwa kuliko washindi wote wa siku ile. Lakini mwulize mtoto huyo huyo aliyeshinda akutajie mkimbiaji mkubwa wa Afrika ya Mashariki, na jina litakalomtoka aghalabu ni la mtu wa mbio ndefu au za kati: Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, au John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea na mguu umefungwa bandeji, au Kipchoge Keino wa Kenya. Mbio aipendayo mtoto ni fupi, na mashujaa aliorithishwa ni wa mbio ndefu. Hali hii ndiyo iliyozaa wazo linalorudiwa mpaka likawa kama methali, kwamba watu wa upande huu wa dunia wameumbwa kwa masafa, na kwamba kasi ya ghafula ni karama ya watu wa Jamaika na Marekani.

Wazo hilo lina kasoro ya tarehe. Dhahabu ya kwanza ya riadha ambayo mtu wa Kenya aliipata katika mashindano makubwa ya mataifa haikupatikana katika maili moja wala katika maili tatu, wala aliyeipata hakuwa mtu wa nyanda za juu. Ilipatikana katika yadi 100, na nyingine ikaongezwa katika yadi 220, kule Perth, Australia ya Magharibi, mwaka 1962. Aliyezipata zote mbili alikuwa kijana wa Mombasa, mzaliwa wa kisiwa kilicho usawa wa bahari, jina lake Seraphino Antao.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba wajuzi wa zamani waliamini kinyume kabisa cha haya yaaminiwayo leo. Mwaka 1932, kule Los Angeles, Mmarekani mweusi Eddie Tolan alishinda mita 100 na mita 200. Mwaka 1936, kule Berlin, Jesse Owens alitwaa dhahabu nne: mita 100, mita 200, kuruka chini na mbio za kupokezana vijiti. Baada ya hapo makocha na waandishi wengi wa Ulaya na Marekani walitoa hukumu yao: mtu mweusi ana misuli ya kuruka na kuchomoka, lakini hana subira, wala hana akili ya kugawa nguvu zake katika safari ndefu. Mwezi wa Julai 1954 Lazaro Chepkwony wa Kenya alikimbia maili sita katika uwanja wa White City, London, miguu mitupu, akiongeza mwendo na kuupunguza apendavyo, mpaka akaumia akatoka kabla ya mwisho; na wako walioona humo uthibitisho wa yale waliyokwisha kuyaamini. Mwenzake Nyandika Maiyoro, katika mashindano hayo hayo, alikimbia maili tatu akawa wa tatu, nyuma ya Waingereza wawili ambao siku ile wote wawili waliivuka rekodi ya dunia. Jambo hili la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, lakini halikuibadili hukumu upesi.

Ikaja Mexico, mwaka 1968. Naftali Temu akashinda mita 10,000, Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, Keino akashinda mita 1500. Hukumu ikageuzwa kama nguo, ndani ikawa nje. Yule aliyekuwa hana subira akawa ameumbwa na subira. Yule aliyekuwa mwepesi wa kuchomoka akawa hana misuli ya kuchomoka. Sababu iliyotolewa mara ya kwanza ilikuwa mwili, na sababu iliyotolewa mara ya pili ilikuwa mwili vile vile. Hoja inayoweza kuthibitisha jambo na kinyume chake kwa nguvu ile ile haina thamani kubwa mbele ya mwanahistoria, na kazi yake ni kurudi katika matukio yenyewe.

Michezo ya Perth iliitwa kwa jina refu: Michezo ya Milki ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Ilikuwa ya saba katika mfululizo ulioanza Hamilton, Kanada, mwezi wa Agosti 1930, ambako nchi 11 zilipeleka wanamichezo wapatao 400. Huko Hamilton yadi 100 zilishindwa na Percy Williams wa Kanada, kijana aliyekuwa ameushangaza ulimwengu miaka miwili kabla kwa kushinda mita 100 na mita 200 katika Olimpiki ya Amsterdam. Kutoka hapo mbio fupi za Michezo hii zilikuwa milki ya watu wachache. Arthur Sweeney wa Uingereza alishinda zote mbili mwaka 1934. Cyril Holmes, Mwingereza pia, akafanya hivyo mwaka 1938. Na John Treloar wa Australia mwaka 1950. Mwaka 1954 kule Vancouver yadi 100 zilikwenda Trinidad kwa Mike Agostini, na mwaka 1958 kule Cardiff zikaenda Jamaika kwa Keith Gardner. Hakuna mtu aliyetumwa na nchi ya Afrika aliyekuwa ameshinda yadi 100 wala yadi 220 katika Michezo hiyo tangu ilipoanzishwa.

Kenya na Uganda ziliingia katika Michezo hii kwa mara ya kwanza huko Vancouver. Waganda walionekana mara moja: katika kuruka juu Patrick Etolu alishika nafasi ya pili, nyuma ya Emmanuel Ifeajuna wa Nijeria aliyeruka futi 6 na inchi 8. Kenya ilingoja mpaka Cardiff, ilipopata shaba mbili, moja ya Bartonjo Rotich katika yadi 440 za viunzi, na moja ya Arere Anentia katika maili sita. Antao alikuwako Cardiff, akakimbia, akashindwa, akarudi nyumbani bila ya kitu mkononi isipokuwa ujuzi wa jinsi watu wenye mbio hasa wanavyokimbia.

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937 kwa wazazi wa Kigoa. Mtu akisema hivyo amesema maneno machache yenye mambo mengi ndani yake. Goa ilikuwa mali ya Wareno tangu mwaka 1510 hadi mwezi wa Desemba 1961, majeshi ya Uhindi yalipoingia na kuitwaa. Wagoa waliofika Afrika ya Mashariki walikuwa makarani wa serikali na wa reli, washonaji, wapishi wa meli, waalimu, madaktari na wapiga muziki. Dini yao ilikuwa Ukatoliki, majina yao ya Kireno, na serikali ya kikoloni ya Kenya, iliyopenda kuhesabu watu kwa mafungu kama mwenye duka ahesabuvyo shehena, iliwahesabu mbali na Wahindi wengine. Walikuwa na shule yao Mombasa, na humo ndimo Antao alimosoma. Mtoto wa Kizungu alikuwa na shule yake, wa Kihindi yake, wa Kiarabu yake, wa Kiafrika yake. Na katika miaka hiyo mishahara nayo ilipangwa kwa rangi.

Tena Mombasa yenyewe haikuwa ndani ya Koloni ya Kenya kwa maana halisi ya sheria. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895, na ndiyo sababu nchi nzima iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Ukanda huo haukuunganishwa rasmi na Kenya mpaka mwaka 1963. Basi tazama hali ya mkimbiaji huyu: wazazi wake walitoka katika nchi iliyotawaliwa na Ureno, yeye akazaliwa katika ardhi ya Sultani, akavaa fulana ya koloni la Waingereza, akaenda kushindana katika Michezo ya Milki. Mtu wa namna hii akishinda, nani ameshinda? Swali hilo halikuulizwa kwa sauti mwaka 1962, lakini majibu yake yalikuja baadaye, nayo yalikuja kwa njia ya ukimya.

Alianza kuishika riadha kwa dhati mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kumi na minane hivi. Mwaka uliofuata alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.8, na hapo ikajulikana kwamba hakuna amfikiaye katika Kenya. Kocha wake alikuwa Ray Batchelor. Kilichofuata si muujiza, ni kazi ya miaka mitano ya kuondoa sehemu tatu za kumi za sekunde. Msomaji asiyezoea mambo haya ataona ni kitu kidogo. Lakini mtu akimbiaye yadi 100 kwa sekunde 9.5 huenda zaidi ya yadi kumi kwa kila sekunde, na kwa hiyo sehemu tatu za kumi ni kama yadi tatu mwishoni, ambazo ni tofauti baina ya kushinda na kutotajwa.

Mbio fupi ni elimu. Kosa la hatua moja halina nafasi ya kusahihishwa. Katika maili tatu mkimbiaji akianza vibaya ana mizunguko kumi na miwili ya kutubu. Katika yadi 100, ambazo ni mita 91.44 tu, akichelewa kuinuka hana toba. Kabla ya mwaka 1937, sheria za mataifa ziliporuhusu vibao vya kuanzia, wakimbiaji walichimba vishimo viwili ardhini kwa mwiko mdogo, wakaweka nyayo zao humo. Na vibao hivyo havikuonekana katika Olimpiki mpaka London mwaka 1948. Viwanja vingi vilikuwa vya makaa yaliyosagwa, vinavyokaza vikilowanishwa kwa kiasi na kugeuka matope vikinyeshewa mno. Viatu vilikuwa na misumari mirefu. Muda ulipimwa kwa saa za mkononi, waamuzi wakibonyeza walipoona moshi wa bastola na kubonyeza tena kifua kilipofika mwishoni, na hesabu haikwenda ndani zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo nyakati za siku zile hazilinganishwi moja kwa moja na nyakati za leo zipimwazo kwa umeme hadi sehemu ya mia. Na wale wanaochukua orodha ya zamani na ya sasa wakaziweka bega kwa bega, kisha wakacheka, hawajui wanachokicheka.

Mwaka 1960 Antao alikwenda Roma katika Olimpiki. Hakufika fainali. Mbio za mita 200 za Roma, hata hivyo, zina habari nyingine inayohusu Afrika: medali ya shaba ilipatikana na Abdoulaye Seye, mzaliwa wa Senegal, naye aliipata akiwa amevaa rangi za Ufaransa. Senegal ilikuwa imejitawala mwaka huo huo. Medali ya Seye imeandikwa katika hesabu ya Ufaransa mpaka leo. Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa katika miaka ile ya mpito, ambamo miguu ya mtu na bendera yake havikuwa vya nchi moja sikuzote.

Mwaka 1962 ulikuwa wa Antao. Wakati wa kiangazi cha Ulaya alikwenda Uingereza akashinda yadi 100 na yadi 220 katika mashindano ya ubingwa ya chama cha riadha cha huko, yaliyokuwa wazi kwa wageni. Ushindi ule haukusikika sana nyumbani, lakini ulikuwa na maana kwa wenye kujua: mtu wa Mombasa alikuwa amewatangulia Waingereza nyumbani kwao katika mbio zile zile ambazo vitabu vyao vya kufundishia viliwafunza watu wa makoloni.

Perth ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1962 katika uwanja wa Perry Lakes, na mfunguzi alikuwa Prince Philip, mume wa Malkia. Nchi 35 zilihudhuria. Joto la siku ile lilipita nyuzi 40 za Selsiasi, na askari walipita kuwagawia watu maji. Kwa mtu wa Mombasa joto si habari, ingawa joto kavu la jangwa na joto la bahari ni ndugu wasiofanana.

Bendera za Afrika ya Mashariki zilizoandamana siku ile zilikuwa za hali tatu mbalimbali. Tanganyika, iliyokuwa huru tangu tarehe 9 Desemba 1961, ilikuja kwa mara ya kwanza, na ilikuwa karibu kuwa jamhuri: Michezo ilifungwa tarehe 1 Desemba, na Jamhuri ikatangazwa siku nane baadaye. Uganda ilikuwa na uhuru wa majuma sita tu, nao waliusherehekea kwa ngumi, maana George Oywello alitwaa dhahabu ya uzito wa juu. Kenya bado ilikuwa koloni, na ilikuwa na mwaka mmoja na siku chache za kungoja.

Katika fainali ya yadi 100 mtu aliyetazamwa na wote alikuwa Harry Jerome wa Kanada. Huyu alikuwa mwenye kushiriki rekodi mbili za dunia, sekunde 10.0 katika mita 100, aliyoiweka mwaka 1960, na sekunde 9.2 katika yadi 100, aliyoifikia mwaka huo huo wa 1962. Kwa hesabu ya karatasi alikuwa mbele ya Antao kwa yadi tatu. Alikuwamo pia Tom Robinson wa Bahama, bingwa wa yadi 220 wa Cardiff na mshindi wa pili wa yadi 100 huko huko. Bastola ililia. Katikati ya njia paja la Jerome lilikatika msuli, naye akamaliza wa mwisho. Antao alifika wa kwanza kwa sekunde 9.5. Robinson alikuwa wa pili, na Michael Cleary wa Australia wa tatu, wote wawili kwa sekunde 9.6. Cleary huyu, kwa kuongeza tu, alikuwa mchezaji wa raga wa taifa lake, na baadaye akaingia katika siasa akawa waziri katika jimbo la New South Wales.

Tangu siku ile wamekuwako wasemao kwamba dhahabu ya Antao ilikuwa zawadi ya paja la Jerome. Hoja hii haipasi kupuuzwa. Ni ya haki kuipima. Ni kweli kwamba Jerome mzima alikuwa na mbio kuliko mtu yeyote aliyekuwa uwanjani. Lakini ni kweli pia kwamba huo ulikuwa ni mara ya pili kwa mwili wa Jerome kumtupa katika mashindano makubwa, maana kule Roma vile vile aliumia katika nusu fainali. Mbio fupi hushindwa na yule ambaye mwili wake umevumilia siku ile, chini ya joto lile, baada ya mbio za mchujo zile, wala si na yule aliyekuwa na mbio mwezi wa Agosti. Na ushahidi wenye nguvu zaidi uko katika mbio ya pili. Antao alirudi uwanjani akakimbia yadi 220, akashinda kwa sekunde 21.1, akimwacha David Jones wa Uingereza nafasi ya pili na Johan du Preez wa Rhodesia na Nyasaland nafasi ya tatu. Bahati yaweza kumpa mtu dhahabu moja. Kumpa mbili ni shida. Alikuwa mwanamume wa nne katika historia ya Michezo hiyo kushinda mbio fupi zote mbili, baada ya Sweeney, Holmes na Treloar, na wa kwanza kutoka nchi ya Afrika kushinda hata moja.

Katika uwanja ule ule wa Perth kulikuwa na kijana mwingine wa Kenya, mgeni wa mashindano makubwa, aliyekimbia maili tatu akawa wa kumi na moja. Jina lake lilikuwa Kipchoge Keino. Mwenzao Kimaru Songok alikuwa wa pili katika yadi 440 za viunzi. Mtu aliyekaa jukwaani siku zile akaulizwa nguvu ya Kenya iko wapi, angejibu bila kusita kwamba iko katika mbio fupi na viunzi.

Kwa nini basi jibu hilo lilipotea? Sehemu ya sababu ni njema na haina lawama. Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Kisha ikaja Mexico, na mto wa medali za mbio za kati na ndefu haujakauka tangu wakati huo. Ushindi mwingi hufunika uchache. Kule Tokyo Antao ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya, katika Olimpiki ya kwanza ya nchi hiyo iliyokuwa huru, lakini hakufika fainali, na siku zake za mbio zikawa zimekwisha.

Sehemu nyingine ya sababu si njema hivyo. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, watu wa asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kuchagua uraia. Wengi walisita. Waliosita walitazamwa kwa shaka, na baadhi ya waliochagua pia walitazamwa kwa shaka. Wagoa wa Kenya walikuwa wametoa watu wakubwa katika kudai uhuru: Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, alifungwa na Waingereza kwa ajili ya nchi hiyo, akauawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikuwa na baba wa Kigoa na mama wa Kimaasai. Hata hivyo katika masimulizi ya kawaida ya taifa nafasi ya watu hawa ilikuwa finyu. Kufikia miaka ya 1967 na 1968 Waasia walikuwa wakiondoka kwa maelfu, mpaka Uingereza ikatunga sheria ya haraka mwaka 1968 kuwazuia. Antao naye alihamia London. Taifa changa lilikuwa likitafuta sura ya mwanamichezo wake, na sura iliyochaguliwa ilikuwa ya mtu wa milimani akimbiaye kwenda shule. Sura hiyo ilikuwa ya kweli kwa wengine. Kijana wa shule ya Kigoa karibu na bandari hakuingia ndani yake.

Iko pia sababu ya tatu, nayo ndiyo inayohusu sehemu kama Mpanda. Kasi haionekani mpaka ipimwe, na haikui mpaka ikutane na kasi nyingine. Mombasa ya miaka ya 1950 ilikuwa na bandari, vilabu, viwanja, saa za kupimia, kocha, na vijana wengi wa jamii mbalimbali walioshindana kila juma. Mpanda ya wakati huo ilikuwa mwisho wa reli. Njia ile ya kutoka Kaliua ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba, na siku Antao aliposhinda Perth mgodi ulikuwa umekwisha kufungwa. Kutoka hapo kwenda Dar es Salaam kwa gari moshi ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kupitia Tabora. Wilaya hiyo ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, baadaye ikawa katika Mkoa wa Rukwa, na tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Mtu wa mbio ndefu aweza kujifunza kwa njia ya vumbi peke yake, na njia ya vumbi haikosekani popote. Mtu wa mbio fupi hawezi. Anahitaji mita mia moja zilizonyooka na kusawazishwa, jirani wa kumsukuma kulia na kushoto, na jicho la mtu ajuaye kumwambia kwamba bega lake linainuka mapema mno. Ukosefu wa vitu hivyo ukiendelea miaka sitini, watu huanza kuuita maumbile.

Tanzania yenyewe haikukosa watu wa namna hii. Katika Olimpiki ile ile ya Mexico ambayo watu hukumbuka goti la Akhwari peke yake, Norman Chihota alikimbia mita 100 na Claver Kamanya mita 400. Majina yao hayatajwi sana mashuleni. Akhwari alikumbukwa kwa haki. Lakini haikulazimu kuwa mmoja tu.

Michezo ya Jumuiya ya Madola iliacha yadi ikashika mita kule Edinburgh mwaka 1970, na hapo orodha ya yadi 100 ikafungwa. Katika mita 100, ambayo iliirithi, Kenya haikuonekana kwa muda mrefu. Ferdinand Omanyala, aliyecheza raga kabla ya kugeukia riadha, alikimbia kwa sekunde 9.77 mjini Nairobi mwezi wa Septemba 2021, rekodi mpya ya Afrika. Tarehe 3 Agosti 2022, kule Birmingham, alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa sekunde 10.02, Akani Simbine wa Afrika ya Kusini alikuwa wa pili kwa 10.13, na Yupun Abeykoon wa Sri Lanka wa tatu kwa 10.14. Ilikuwa miaka sitini kasoro miezi michache tangu Perth. Antao hakuishi kuiona siku ile. Alikuwa amefariki London tarehe 6 Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 73.